Namba Sita Kwenye Mfuko wa Koti

Wiki iliyopita niliishia pale mama mkwe alipopanda basi la Laela akiwa amemshika mke wangu mkono, utadhani kamkamata mtoro wa shule. Kwa aliyekosa gazeti nafupisha, maana hata mimi nimechoka kuisimulia.

Naitwa Oswaldi, dalali wa mahindi hapa Sumbawanga. Baridi ya Juni ilipokaza nilinunua koti la mtumba sokoni kwa Shamimu. Koti zito, la kijivu, lina mfuko wa ndani upande wa kushoto. Halafu mama mkwe, Mama Bertilla, akaja kutusalimia. Asubuhi moja akalitoa koti nje alikung'ute vumbi, na kwenye ule mfuko wa ndani ikadondoka kadi.

Siyo kadi ya harusi. Siyo kadi ya kliniki. Kadi ndefu ya picha, imechorwa mwanamume na mwanamke weupe pee wamekumbatiana, mdomo uko shingoni, tone la damu linashuka kwenye kola. Juu imeandikwa VI. Chini kuna neno la lugha ambayo si Kiingereza wala Kilatini cha kanisani.

Mama Bertilla namba za Kirumi anazijua, amezisoma ukutani kanisani kwao maisha yake yote, kwenye picha za Njia ya Msalaba. Kwanza alidhani ni Kituo cha Sita, Veronika anampangusa Yesu uso. Akatafuta kitambaa, hakukiona. Akamtafuta Yesu, hakumwona. Ndipo akakumbuka kuna sita nyingine.

"Amri ya sita," akasema. "Usizini."

Na mke wangu Rozina hakuniuliza hata swali moja. Alifunga begi akaondoka na mama yake, na kadi wakaenda nayo.

Basi, tuendelee.

Kabla basi lao halijafika Laela, picha ya kadi ilishaingia kwenye grupu la ukoo wao, ambalo na mimi nimo. Binamu wa kijijini Kate akaandika "mumiani." Wa Matai akaandika "Frimasoni." Mwingine akatuma mikono ya kusali. Shemeji mmoja aliyeko Dar es Salaam akasema kwa mambo ya Sumbawanga yeye hashangai kitu.

Nilitamani niitupe simu. Mimi nimezaliwa hapa Sumbawanga, nimekulia hapa, na kitu cha kutisha kuliko vyote nilichowahi kukiona ni bei ya mbolea. Watu wote walijua kuisoma ile kadi, isipokuwa mwenye koti.

Asubuhi nikaenda sokoni.

"Dada Shamimu, koti lako limenivunjia nyumba."

"Nguo iliyovaliwa hairudishwi, kaka Oswaldi."

"Sirudishi. Nataka unisaidie. Tazama hii."

Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaweka kikombe chake cha chai chini, akaivuta picha mpaka ile damu ikajaa kioo chote.

"Ya Rabi. Hawa ni wanyonya damu. Hebu nitumie."

Nikamtumia. Shamimu ana simu ambayo ukiionyesha kitu chochote inakutajia jina lake. Ndivyo anavyojua majina ya makoti ya Wazungu. Akabonyeza, akasubiri mtandao, akasonya, akabonyeza tena.

"Hii ni karata ya kutabiria. Kule kwao wanapiga ramli kwa karata. Hilo neno la chini maana yake ni Wapenzi."

"Wapenzi?"

"Ndiyo. Zipo za kila namna, wengine wanachora malaika, wengine wanachora paka. Hizi ni za wanyonya damu. Wanasema ikitoka hii, maana yake ni mapenzi. Na pia kuchagua. Mtu yuko njia panda, lazima achague moja."

"Na damu?"

Akasoma akitikisa kichwa. "Eti mapenzi yakizidi mmoja anammaliza mwenzake. Hebu niachie hapo, nina wateja."

Moyo wangu ukapoa. Wapenzi! Siyo uzinzi, siyo mumiani. Karata ya mapenzi imesahauliwa kwenye koti na Mzungu mmoja huko kwao. Nani anaweza kunifunga kwa hilo?

"Dada Shamimu, nikikupigia nikiwa kwa wakwe, utawaambia ukweli kuhusu lile koti?"

"Nitasema ukweli mtupu. Mimi siogopi mtu."

Hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa na haraka ya kwenda Laela, sikumuuliza huo ukweli wenyewe ni upi.

Lifti nilipewa na Maganga. Maganga ni jirani yetu, anauza taa za sola, anazungusha vijiji vyote kuanzia Matai mpaka huko Laela. Ile pikapu yake ina honi ya kuvunjika, inalia mara mbili kwa sauti ya mbuzi mwenye mafua.

"Mshikaji, mwanamke hafuatwi kwa makelele," akaniambia tukiwa njiani. "Ukifika, piga kimya. Waache waongee wachoke."

"Nikae kimya nimefanya nini?"

"Ndiyo hivyo sasa. Unawaka kabla hujaulizwa."

Nilikuwa nimenuna. Tulipoingia Laela akakata kona kushoto penye mashine ya kusaga kabla sijamwelekeza, akasimama chini kidogo ya nyumba ya wakwe zangu.

"Mimi niko kwenye taa zangu. Ukimaliza nitakupigia honi."

Nikashuka. Hata hilo la kona sikulifikiria, akili yote ilikuwa kwenye maneno ya kusema.

Walinikaribisha ndani. Baba mkwe, Mzee Ndalahwa, alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Mama Bertilla alikaa mkekani, khanga ameifunga sana. Kadi ilikuwa mezani, imelazwa juu ya kitambaa cheupe. Rozina alikuwa jikoni, nilimsikia anakohoa moshi.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu mzee. Mama akajibu kwa kuguna.

"Umekuja na nini?" mzee akauliza.

"Nimepata lifti, baba."

"Haya. Kaa. Kadi yako hiyo hapo."

"Baba, hiyo kadi siyo yangu."

"Mimi sijasema habari ya Amri ya Sita," mzee akasema. "Hayo ni ya mama yako. Mimi nimeitazama nikaijua mara moja. Tulipokuwa vijana, enzi za Ujamaa, tulichorewa picha hii hii. Huyu ni mnyonyaji. Huyu anayenyonywa ni mkulima."

Nikaitazama tena ile kadi.

"Wewe ni dalali," akaendelea. "Unakuja shambani kwangu na gunia, unalijaza mpaka juu, unalishonea kilemba, halafu unaniambia hili ni gunia moja. Lumbesa hiyo. Sasa nani hapa ananyonya damu?"

"Baba, tunaongelea ndoa au mahindi?"

"Ninaongelea mnyonyaji."

Jamani. Nilitoka Sumbawanga nimejiandaa kujibu uzinzi, sasa najibu siasa. Nikakumbuka maneno ya Maganga, nikajizuia.

"Wazee wangu," nikasema taratibu, "hiyo ni karata ya Wazungu, inaitwa Wapenzi. Ilisahauliwa kwenye koti huko lilikotoka. Aliyeniuzia koti yupo kwenye simu, anajua kila kitu. Naomba mumsikilize."

Nikapiga. Nikaweka sauti ya juu, nikaiweka simu mezani pembeni ya kadi.

"Dada Shamimu, uko na wazee wangu."

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba, mwanangu," wakaitikia wote wawili. Nikaona mambo yananyooka.

"Waambie. Lile koti nilinunua kwako?"

"Ulinunua kwangu, naapa."

"Na mfukoni kulikuwa na nini?"

"Mfukoni? Hakukuwa na kitu."

Nilidhani mtandao umekata.

"Dada Shamimu, sema vizuri. Ile kadi—"

"Kaka Oswaldi, mimi kila nguo ikitoka kwenye belo naigeuza mifuko yote nje kabla sijaitundika. Hata ya ndani. Muuza mtumba gani asiyegeuza mifuko? Watu wanaokota mpaka hela za kigeni humo! Lile koti lako nililigeuza kwa mikono yangu. Ile kadi haijatoka kwangu."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Kwani uliniuliza?"

Nikakata simu. Ushahidi wangu wote ulikuwa huo, na nilikuwa nimeupigia kwa vocha yangu mwenyewe.

Mama Bertilla alinitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie. "Kumbe koti lilikuja tupu," akasema. "Kadi ikaingia likiwa kwako. Mlio ndani ya nyumba ile ni wawili tu."

"Mama, sijui ilipotoka. Naapa sijui!"

Nilipaza sauti. Kupaza sauti mbele ya wakwe, mimi Oswaldi, niliyelelewa nikalelewa. Mzee akanyoosha mkono, nikanyamaza. Akatoa miwani mfukoni, akaifuta kwa shati, akaiinua kadi karibu na dirisha. Alikaa nayo. Aligeuza huku, akageuza kule.

"Mama Rozina," akamwita mkewe. "Njoo uone. Meno ni ya mwanamke."

"Nini?"

"Tazama vizuri. Tumedhani mwanamume ndiye anayeuma kwa sababu ndiye ameinama. Huyu ameinama kwa sababu anaumwa. Mdomo wenye damu ni wa mwanamke."

Mama Bertilla akaichukua. Mimi nikanyanyuka nikachungulia juu ya bega lake, na ni kweli. Ukoo mzima, kuanzia Kate mpaka Dar es Salaam, ulikuwa umemhukumu asiyehusika.

Jikoni sufuria likaanguka.

Wote tukageuka. Mama Bertilla akautazama mlango wa jikoni, kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Nenda ukaongee na mkeo. Mlango uache wazi."

Rozina alikuwa amechuchumaa anaokota maharage sakafuni. Hakuinua kichwa.

"Rozina."

"Ni mimi," akanong'ona.

"Ni wewe nini?"

"Niliyeiweka."

Siku zote hizi! Grupu la ukoo, mumiani, Frimasoni, lumbesa, na mwenye kadi alikuwa anachambua maharage akinisikia ninavyohangaika.

"Ulinisikia naapa pale," nikamwambia. "Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Kwa nini, Rozina? Nimekukosea nini?"

Hapo akainua uso. Alikuwa analia, na alikuwa na hasira pia. "Kuna dada mmoja anatoka Tunduma, huwa anakuja kusuka saluni kwangu. Anapiga karata. Akanitolea hii, akasema ni ya wapenzi, nikuwekee kwenye moyo. Ndiyo nikaweka kwenye ule mfuko wa ndani. Basi. Hakuna kingine."

"Uniwekee mimi karata? Mimi mumeo?"

"Mume gani? Msimu wa mahindi ukianza wewe unaongea na magunia. Unarudi, unakula, unahesabu simu, unalala. Nikikuambia kitu unasema eeh. Niliwahi kukuambia nyumba inaungua, ukasema eeh."

Niliikumbuka siku hiyo ya nyumba inaungua. Nilidhani alikuwa anaimba. Iliniuma, tena iliniuma vibaya, kwa sababu alikuwa amenitafuta kwa njia ya karata wakati mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake.

"Twende tukawaambie," nikasema.

Akanishika mkono kwa nguvu. "Usithubutu. Mama ni mwenyekiti wa akina mama kigangoni. Akisikia nimemwekea mume kitu mfukoni atasema ni limbwata. Atasema nimekuwa mchawi wa mume wangu. Hatanirudisha Sumbawanga kamwe, atanipeleka kwa Padri kila Jumapili mpaka nizeeke. Oswaldi, nakuomba."

"Kwa hiyo mimi niwe mzinzi ili wewe usiwe mchawi?"

Akaendelea kunishika mkono.

Nikakumbuka maneno ya Shamimu: mtu yuko njia panda, lazima achague moja. Nilikasirika mpaka nikataka kucheka. Yaani nimeikataa hiyo karata kwa nguvu zangu zote, na bado ilikuwa imenipata.

"Ni hiyo moja tu?" nikamuuliza. "Hakuna nyingine?"

"Moja tu."

"Kweli, Rozina?"

"Moja tu, Oswaldi."

Nikarudi sebuleni. Rozina akanifuata akasimama mlangoni mwa jikoni, kitambaa cha sufuria mkononi. Mzee Ndalahwa akavua miwani.

"Haya," akasema. "Kadi ni ya nani?"

"Ni yangu, baba."

Mama Bertilla akageuka mzima mzima. "Umesemaje?"

"Ni yangu, mama. Niliiokota stendi, nikaipenda picha, nikaiweka mfukoni. Niliogopa kusema kwa sababu mlishaanza maneno ya Amri ya Sita. Sijazini na mtu. Lakini kadi ni yangu, na Rozina hajui lolote. Nisameheni."

Ukutani nyuma ya mzee kuna msalaba. Nilijitahidi nisiutazame.

"Na yule mwanamke wa simu anaijua?" mama akauliza.

"Haijui."

"Na Rozina hajui."

"Hajui."

Mzee alipumua kwa nguvu. Nilimwona anavyolegea, nadhani alikuwa amechoka na kesi, alitaka tule. "Mama Rozina," akasema, "kijana amekubali kosa. Kuokota karata siyo uzinzi. Mwache achukue mke wake. Habari ya lumbesa tutaongea siku nyingine."

Nikamtazama Rozina. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze nikaona ananichekea kwa macho, kama zamani tukiwa wachumba. Nikasema moyoni, Oswaldi, imekwisha. Umeonewa lakini imekwisha.

"Sawa," Mama Bertilla akasema. "Kama kadi ni zake, na hii anisomee."

Akafungua fundo la khanga kiunoni. Akatoa kadi nyingine, akailaza mezani pembeni ya ile ya kwanza. Urefu ule ule. Maandishi yale yale.

"Asubuhi nimegeuza godoro analolalia Rozina nilianike," akasema. "Hii ilikuwa chini yake. Sasa niambie, mkwe. Wewe hili godoro la hapa Laela umelilalia lini?"

Niliitazama ile kadi. Kulikuwa na mwanamume mmoja tu, peke yake, mweupe pee kama wale wa kwanza, amejifunika kofia ya joho. Juu ya kichwa chake iliandikwa IX.

"Tisa," mama akasema. "Na amri ya tisa tunaijua wote hapa. Usitamani mwanamke asiye mke wako."

"Mama, acha hizo amri zako," mzee akasema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Nilimgeukia Rozina. Moja tu, aliniambia. Moja tu, mara mbili, akiwa amenishika mkono. Alikuwa anaitazama ile kadi, kitambaa kimemdondoka, na lile cheko la machoni halikuwepo tena.

Nikaiinua kadi. Sikutaka, lakini niliiinua. Mimi niliyewacheka wote, niliyemwona mama mkwe ni mjinga kwa kusoma namba na mzee ni mjinga kwa kusoma siasa, nikajikuta nimeisogeza dirishani kwenye mwanga na ninaisoma. Yule mwanamume alikuwa amenyanyua mkono mmoja juu. Mkononi alikuwa amebeba taa.

Taa.

Nikaiona ile kona ya kushoto penye mashine ya kusaga, aliyoikata Maganga kabla sijamwelekeza. Nikajiambia acha ujinga, Oswaldi, taa ni taa. Karata imechorwa huko Ulaya na watu wasioijua hata Rukwa iko wapi.

Nje honi ikalia, mara mbili.

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote ndani ya nyumba ile nani amenipa lifti. Gari lilikuwa chini kule, haliwezi kuonekana kutoka dirishani, na Rozina hakuwa ametoka jikoni tangu nifike.

"Baba," Rozina akasema, huku anafuta machozi kwa kiganja, "mwambieni Maganga asubiri."